Shajara ya mradi: matuta, kuta na mitaro kwenye kiwanja cha mteremko mkali

Wiki ya 1

Nyumba imekwisha kujengwa. Kilichobaki ni ardhi inayoizunguka, na ardhi yenyewe haina hata mita moja iliyo sawa. Barabara inapita juu, nyumba imekaa kwenye sehemu iliyochongwa ubavuni mwa mlima, nyuma yake umesimama mkato wa ardhi wenye kimo cha mita 3, na mbele yake kiwanja kinashuka moja kwa moja hadi kwenye korongo dogo la maji. Wenye nyumba wameomba mambo manne: mahali pa kukaa nje, vitanda vya mboga, njia salama ya kuteremkia hadi chini, na uhakika kwamba mvua kubwa haitaondoka na udongo unaoushikilia msingi wao. Hilo la nne walilitaja mwisho kabisa, wakiwa wamesimama mlangoni kuniaga. Katika daftari langu nimeliandika la kwanza.

Tumepima kwa mpira wa maji na fimbo mbili zenye alama, tukishuka hatua kwa hatua kutoka ukingo wa baraza hadi korongoni. Kipimo hiki cha kienyeji hakina ufundi mwingi, kwa kuwa maji yaliyomo ndani ya mpira ulio wazi pande zote mbili hujiweka yenyewe katika usawa mmoja, lakini siku ya kwanza kilitupotezea nusu ya asubuhi. Tulisoma kimo kati ya vigingi viwili, tukabadilishana nafasi na msaidizi wangu, tukasoma tena, na vipimo vikapishana kwa sentimita 6. Tuliunyanyua mpira juani, tukaona povu la hewa lenye urefu wa kidole limekwama kwenye pindo. Tuliumwaga, tukaujaza upya polepole tukiupigapiga kwa vidole, na kuanzia hapo vipimo vikakubaliana.

Matokeo ni haya: kiwanja kina upana wa mita 24, na kinashuka mita 11 katika umbali wa mlalo wa mita 22. Huo ni mwinamo wa asilimia 50, yaani karibu nyuzi 27. Mteja anaposikia asilimia 50 hudhani ni nusu ya ukuta uliosimama wima, kumbe asilimia 100 ni nyuzi 45 tu. Hata hivyo, kwa mtu aliyebeba ndoo ya kokoto begani, nyuzi 27 ni nyingi.

Tumechimba mashimo manne ya majaribio, kila moja likiwa na kina cha mita moja na nusu. Sentimita 25 za juu ni udongo mweusi wenye mizizi. Chini yake unafuata udongo wa mfinyanzi mwekundu hadi kufikia sentimita 90. Kisha mwamba uliooza, ambao sururu inaubandua vipande vipande kama magamba. Mashimo matatu yalibaki makavu. La nne, lililo upande wa mashariki, lilikuwa kavu tulipoondoka jioni, lakini asubuhi tulilikuta na maji ya kina cha sentimita 12. Maji hayo yalikuwa yakitoka pale mfinyanzi unapokutana na mwamba. Karibu na hapo ipo miti mitatu ambayo mashina yake yanaanza kwa kuinamia bondeni kisha yanajinyoosha kwenda juu, dalili ya udongo unaotambaa kidogokidogo mwaka hadi mwaka huku mti ukijitahidi kurudi wima. Upande wa mashariki nimeuzungushia duara jekundu kwenye ramani. Laiti ningelikumbuka duara hilo wiki tano baadaye.

Wiki ya 2

Wiki nzima imekuwa ya mezani. Wenye nyumba walikuwa na picha moja akilini, nayo ni uwanja wa nyasi uliotandazwa mbele ya baraza, upana mita 8, umeshikiliwa na ukuta mmoja. Kwa mwinamo wa asilimia 50, uwanja wa mita 8 uliojazwa kifusi unadai ukuta wa mita 4 kwenye ukingo wake. Sikutaka kuwakatalia kwa maneno matupu, kwa hiyo niliwawekea hesabu mezani.

Nilitumia kanuni ya msukumo wa udongo iliyotolewa na mhandisi Mskoti William Rankine mwaka 1857, ambayo kwa ukuta rahisi wenye udongo mkavu na tambarare nyuma yake haihitaji zaidi ya kalamu na karatasi. Jambo kubwa katika kanuni hiyo ni kwamba msukumo hauongezeki sambamba na kimo, bali kwa kipeo cha pili cha kimo. Nikichukua udongo wa kilo 1,800 hivi kwa mita ya ujazo, wenye pembe ya msuguano (kipimo cha jinsi chembe za udongo zinavyoshikana zisiteleze) ya nyuzi 30, ukuta wa mita 1.2 unasukumwa na nguvu sawa na uzito wa kilo 430 hivi kwa kila mita ya urefu wake. Ukuta wa mita 4, kwa udongo uleule, unasukumwa na karibu kilo 4,800. Kimo kimeongezeka mara tatu na kidogo; nguvu imeongezeka mara kumi na moja.

Kisha nikaongeza maji. Nyuma ya ukuta huohuo wa mita 1.2, maji yakisimama hadi juu kwa kukosa pa kutokea, peke yake yanasukuma kwa kilo 720 kwa kila mita, ambazo ni nyingi kuliko msukumo wote wa udongo mkavu, na udongo uliozama unabaki na msukumo wake pia, ingawa umepungua. Jumla inapita mara mbili ya ile ya mwanzo. Mama mwenye nyumba aliitazama karatasi, akauliza, “Kwa hiyo sisi tunajenga ukuta au tunajenga mfereji?” Nilimjibu kwamba tunajenga mfereji wenye ukuta mbele yake, naye akaridhia matuta matatu badala ya uwanja mmoja.

Kila tuta litakuwa na ukuta wa mita 1.2, na uso wa kila ukuta utakuwa mita 2.4 nyuma ya uso wa ukuta ulio chini yake. Umbali huo umetoka kwenye mwinamo wenyewe, na kwa bahati njema ndio pia unaotakiwa na desturi ya wajenzi, kwamba ukuta wa juu urudi nyuma angalau mara mbili ya kimo cha ukuta wa chini ili usiutwike uzito wake. Matuta yanachukua mita 3.6 za mshuko wote. Mita 7.4 zilizobaki hazichimbwi kabisa. Zitashikwa kwa mimea.

Hesabu hizi zinahusu ukuta mmoja mmoja tu, na haziwezi kusema lolote kuhusu mlima mzima kuteleza pamoja na kuta zake. Kwa hilo tulimwita mhandisi wa udongo. Aliyakubali matuta kwa sharti kwamba udongo utakaochimbwa usirundikwe ukingoni hata kwa siku moja, kisha akachukua kalamu nyekundu na kuufuta mchoro wangu wa shimo la kunyonyea maji ya paa. Nilikuwa nimeliweka chini kidogo ya nyumba, kama ambavyo ningefanya kwenye kiwanja tambarare bila kufikiri mara mbili. Kwenye mteremko, kuyakusanya maji ya paa zima na kuyazamisha mahali pamoja ni kuulainisha mlima kwa ndani, tena palepale penye mpaka wa mfinyanzi na mwamba. Niliona haya kidogo, nikalifuta.

Wiki ya 3

Maji kwanza, kabla ya jiwe lolote kuwekwa.

Paa lina mita za mraba 140. Kwa kuwa milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, mvua ya milimita 50 inamwaga lita 7,000 kutoka paani pekee, bila kuhesabu zile zinazoteremka kutoka barabarani. Maji ya barabara tunayakatiza kwa mtaro wa kinga uliochimbwa juu ya mkato, mita 2 nyuma ya ukingo wake. Mtaro huo una urefu wa mita 24 na unashuka sentimita 24 tu kutoka mwanzo hadi mwisho, yaani asilimia moja. Ukilala zaidi ya hapo, tope litatuama ndani yake. Ukiinama sana, maji yataula. Umejengewa kwa mawe na saruji, kwa sababu mtaro wa udongo mtupu juu ya mkato huvujisha maji kwenye sehemu uliyokusudiwa kuilinda.

Mtaro unaishia upande wa magharibi, na hapo maji yanateremka kwenye ngazi za maji, yaani mfereji wa vidaraja vya mawe ambamo kila kidaraja kinayavunja nguvu kabla hayajaanguka kwenye kinachofuata. Mfereji laini kwenye mteremko kama huu ungeyafikisha maji korongoni kwa kasi ya kuchimba shimo. Chini kabisa tumemwaga mawe makubwa bila saruji, yapigwe yenyewe badala ya ukingo wa korongo.

Maji ya paa yana bomba lake la milimita 160, lililofukiwa, lenye chemba nne za ukaguzi njiani. Kwenye kila kiungo tumemwaga nanga ya zege, kwa sababu bomba lililolala kwenye mteremko huvutwa na uzito wake na ule wa maji, likitambaa milimita kwa milimita hadi viungo vifunguke chini ya ardhi pasipo mtu kujua. Mafundi wawili waliona kazi hiyo ni ya kupoteza saruji. Sikubishana nao sana. Niliwaonyesha chemba tuliyoikuta hapa tulipofika, iliyokuwa na bomba lililochomoka upana wa kiganja.

Wiki ya 4

Chini ya mkato wa nyuma tumepanga safu moja ya gabioni, masanduku ya wavu wa waya yenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kimo cha mita 1, yaliyojazwa mawe kwa mkono. Mita 2 za mkato zilizobaki juu yake tumezichonga kutoka nyuzi 60 hadi 45. Mhandisi alikubali mwinamo huo kwa sababu sehemu hiyo ni mwamba uliooza na si mfinyanzi. Gabioni zinapitisha maji zenyewe na zinavumilia kujongea kidogo bila kupasuka, kwa hiyo nilizipenda hapo mahali ambapo hakuna atakayekaa kuzitazama. Kwa uzuri siwezi kuzisifia.

Kazi kubwa ya wiki imekuwa kuteremsha mawe. Kuta tatu zenye urefu wa mita 14 kila moja, pamoja na misingi yake, zinahitaji takriban tani 60, na lori linaishia barabarani. Toroli likishuka mteremko huu linamwendesha mtu badala ya mtu kuliendesha. Tumetengeneza mlizamu wa mbao, tukautandika mabati ndani, na mawe yanateleza humo moja moja hadi kwenye rundo. Jumanne jiwe la ukubwa wa ndoo liliruka ukingo wa mlizamu, likapaa, likadunda mara mbili na kugota kwenye shina la mmoja wa ile miti iliyopinda. Hakukuwa na mtu chini, lakini nusu saa kabla alikuwepo. Tulisimamisha kazi, tukalaza magogo mawili yaliyofungwa kwa vigingi vya chuma chini ya eneo lote, na kuweka sheria kwamba mawe yakiteremka hakuna anayefanya kazi chini ya mlizamu, hata kama ni kuchukua koleo tu.

Wiki ya 5

Ukuta wa kwanza, ule wa chini kabisa, umesimama. Kuta hujengwa kutoka chini kwenda juu, ili msingi wa kila mmoja ukae juu ya ardhi ambayo haitachimbwa tena.

Tumechagua ukuta wa mawe makavu, usio na saruji. Msingi una kina cha sentimita 30 na umechongwa ukiinamia mlimani. Upana wa chini ni sentimita 60, nusu ya kimo. Uso unaegemea nyuma sentimita 20 hadi kufika juu, ambako upana unabaki sentimita 40. Ukuta wa namna hii unasimama kwa uzito wake na kwa jinsi mawe yalivyoshikana, na maji yanapita kati ya mawe popote yapendapo.

Fundi mkuu ni mzee ambaye amejenga kuta hizi tangu ujana wake, naye hana haraka. Nilimtazama asubuhi nzima ya Jumatano. Huliokota jiwe mara moja tu, na akishaliokota halirudishi rundoni: huligeuza mikononi, huliweka upande mrefu ukielekea ndani ya ukuta, kisha hulikanyaga kwa kisigino. Likitikisika, hachukui saruji wala hapachiki kipande kwa mbele. Huzunguka nyuma, hutafuta jiwe dogo bapa na kulisukumiza kwenye mwanya mpaka lile kubwa linyamaze. Kijana mmoja alikuwa ameweka jiwe zuri, bapa, upande mrefu ukionekana mbele kama tofali. Mzee alilichomoa bila kusema neno, akaligeuza, likaonyesha uso mdogo wa sentimita 15 tu na mkia mrefu ndani. Nilimwambia, “Mzee, lilikuwa likipendeza zaidi vile.” Akanijibu, “Mwanangu, jiwe likionyesha uso wote, nyuma limebaki na nini cha kushikia?”

Kila jiwe linakaa juu ya maungio ya mawe mawili ya chini yake, na kila baada ya mita moja kuna jiwe refu linalopita unene wote wa ukuta. Nyuma yake tunapandisha safu ya kokoto yenye unene wa sentimita 30, na kati ya kokoto na udongo tunasimamisha kitambaa cha kuchuja, jeotekstaili, ili chembe laini zisiingie kuziba. Chini kabisa limelala bomba la milimita 100 lenye matundu, likielekea kwenye mfereji wa magharibi. Udongo wa nyuma unarudishwa kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa kabla ya jingine. Mafundi wawili na wasaidizi wanne wanamaliza takriban mita za mraba 3 kwa siku.

Wiki ya 6

Wiki mbaya, na kosa ni langu.

Ukuta wa pili ulikwenda upesi kuliko wa kwanza. Ijumaa mchana zilikuwa zimebaki mita 3 za mwisho, upande wa mashariki, na kokoto zilikuwa zimetuishia. Lori jingine lingefika Jumatatu, wingu lilikuwa limetanda, na sikutaka handaki libaki wazi nyuma ya ukuta. Niliwaambia wajaze kwa udongo uliochimbwa. Mzee aliuliza mara moja kama nina hakika. Nilisema ni mita 3 tu.

Ilinyesha Jumamosi yote na usiku wa Jumapili. Jumatatu nilivuta kamba kutoka ncha hadi ncha ya ukuta, kwa kimo cha sentimita 60, na kwa mita 11 za kwanza kamba iligusa mawe kama ilivyotakiwa. Kisha ikaanza kusukumwa. Katikati ya zile mita 3, mawe yalikuwa yametoka nje ya mstari kwa sentimita 4. “Umetoa tumbo,” Mzee alisema, na akaupapasa ukuta kwa kiganja kama anayepapasa ubavu wa ng'ombe. Hakuongeza neno la Ijumaa. Ingekuwa afadhali angeongeza.

Wapo wanaodhani ukuta uliotoa tumbo unaweza kusukumwa urudi, au kuegemezwa nguzo kwa mbele. Mawe yakishaachana ndani, mwonekano wa nje haurudishi mshiko wao. Tuliubomoa ule upande hadi msingi, tukiyapanga mawe nyasini kwa mfuatano yaliotoka. Mfinyanzi wa nyuma ulikuwa umelowa kiasi kwamba kila mkato wa koleo ulibaki na umbo lake, uking'aa kama siagi iliyokatwa kwa kisu, na kitambaa cha kuchuja kilikuwa kimekunjamana nyuma yake bila kazi. Chini ya yote palikuwa na kijito chembamba kisichozidi unene wa penseli, kikitoka kwenye mpaka wa mfinyanzi na mwamba. Ni maji yaleyale ya shimo la nne, ndani ya lile duara jekundu.

Kwa hiyo kokoto peke yake zisingetosha hapo. Tumechimba mfereji wa ziada unaoingia mlimani mita moja na nusu kukifuata kijito, tukalaza bomba lenye matundu lililozungushiwa kitambaa, tukajaza kokoto, na bomba hilo tumelipa njia yake ya kutokea usoni mwa ukuta, mbali na jingine, ili tujue daima linatoa nini. Kubomoa na kujenga upya kumechukua siku nne. Ukuta ule ungejengwa kwa zege, nadhani usingeonyesha tumbo mapema hivi. Ungenyamaza msimu mmoja au miwili, kisha ungepasuka kwa mkupuo. Katika hilo mawe makavu yalitutendea wema.

Wiki ya 7

Ukuta wa tatu umekwisha bila kisa.

Ngazi ndizo zilizonifurahisha. Kwa ngazi za nje natumia kanuni ya François Blondel, msanifu majengo Mfaransa wa karne ya 17, ambaye alilinganisha daraja na hatua ya mtu anayetembea: kimo cha daraja mara mbili, ukijumlisha na upana wa kukanyagia, kikaribie hatua moja ya mguu, ambayo leo wengi huichukua kuwa kati ya sentimita 60 na 64. Mshuko wetu wa mita 11 ukigawanywa kwa madaraja 69 unatoa kimo cha sentimita 16 kila moja. Mara mbili ya hiyo ni 32. Ukiongeza upana wa sentimita 31 unapata 63. Na 16 kwa 31 ni mwinamo wa asilimia 51 na ushei, karibu kabisa na ule wa mlima wenyewe. Ni nadra mlima na kitabu kukubaliana namna hii.

Hata hivyo sikuzishusha moja kwa moja. Madaraja 69 yaliyonyooka huwa mfereji mvua inaponyesha, na humtisha mtu mzima anayetazama chini kutoka daraja la juu. Zinapinda kulia na kushoto zikivuka mteremko kwa mshazari, na baada ya kila madaraja 9 au 10 kuna jukwaa la kupumzikia, ambalo limeinama asilimia 2 kuelekea mfereji wa pembeni. Kila daraja nalo linainamia mbele kidogo sana, kiasi cha kutosha maji yasituame. Reli ya kushikia bado. Mwenye nyumba anataka ya mbao. Mimi nataka ya chuma. Mbao ikioza kwenye nguzo moja itamwangusha mtu palepale anapoiegemea.

Wiki ya 8 na 9

Chini ya matuta tumepanda nyasi ya vetiva. Jina lake la kisayansi ni Chrysopogon zizanioides, na sifa yake ni mizizi inayokwenda chini wima, mita 3 na zaidi ardhi ikiiruhusu, badala ya kutambaa kando na kunyang'anya mimea mingine chakula. Aina zinazopandwa kwa kazi hii hazitoi mbegu zinazoota, kwa hiyo hazigeuki magugu. Mahali penye baridi ya kugandisha ardhi haistahimili, na huko ingebidi kutafuta nyasi nyingine, hapa haigandi.

Mistari ni saba, imepigwa kwa fremu ya A (mbao tatu zilizofungwa kama herufi A, za kutafutia usawa) ikifuata kontua, yaani mstari wa kimo kilekile mlimani, mmoja chini ya mwingine kwa tofauti ya kimo ya mita moja hivi. Kila mstari una urefu wa mita 24, na kila baada ya sentimita 15 kuna mche, ambayo ni miche 160 kwa mstari na 1,120 kwa jumla. Kabla ya kupanda tulikata majani yabaki sentimita 20 na mizizi yabaki 10. Mstari ukishika, unazuia udongo unaoteremka na kujijengea kituta chake wenyewe, lakini pengo la miche miwili tu linageuka mlango wa maji, ndiyo maana tumebakiza miche mia moja kwenye kitalu ya kuzibia mapengo.

Kati ya mistari tumetandika wavu wa nyuzi za nazi, tukaubana kwa vigingi vya mbao, na kupanda vichaka vya asili vya mlima huu vyenye mizizi ya nyuzinyuzi. Matandazo ya majani makavu tuliyajaribu kwenye kipande kimoja na mvua ya kwanza ikayakusanya yote kwenye mstari wa vetiva. Miti mirefu nimeikataza karibu na kuta: uzito wake na upepo unaoivuta ni mzigo, na mizizi yake minene haijui heshima ya mawe. Niliwaeleza pia wenye nyumba kwamba mizizi hushona tabaka la juu tu. Mlima ukiamua kuteleza juu ya mwamba, nyasi zitateleza pamoja nao. Kinachozuia hilo ni mitaro ya wiki ya 3.

Wiki ya 11

Imenyesha milimita 62 usiku mmoja. Nilifika saa moja asubuhi, mvua ikiwa imepungua kuwa manyunyu, nikaanza kwa mtaro wa juu. Ulikuwa umebeba majani na changarawe kidogo, lakini haukufurika. Ngazi za maji zilinguruma vizuri. Kwenye chemba ya tatu kifuniko kilikuwa kimenyanyuka na kukaa upande, jambo linaloonyesha kwamba bomba lilijaa kwa muda. Kwa lita 8,680 za paa sikulitarajia hilo, na nilipoingiza mkono nilitoa kipande cha mfuko wa saruji. Mtu wetu alikisahau. Nimeagiza kifuniko chenye kufuli na kila chemba ikaguliwe leo.

Kamba nimeivuta kwenye kuta zote tatu na hakuna jiwe lililotoka. Misumari miwili niliyoipigilia kwenye mawe ya ukuta wa pili, upande wa mashariki, ilikuwa mita 2.000 kutoka kwenye vigingi vyake vya zege siku tulipomaliza. Leo mmoja ni 2.000 na mwingine 2.001, na milimita moja naihesabu kuwa ni unene wa mstari wa penseli yangu.

Mabomba ya ukuta wa kwanza na wa tatu yalitoa maji maangavu. Lile la ziada, la kijito cha mashariki, lilitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa kwa dakika 20 hivi, kisha yakaanza kutakata. Maji yenye rangi ni udongo unaosafiri, na udongo ukisafiri huacha nafasi nyuma ya ukuta. Inawezekana ni vumbi la kokoto na mabaki ya uchimbaji yanayooshwa kwa mara ya kwanza. Nilikinga chupa moja ya lita ya yale ya mwanzo na nyingine ya yale ya mwisho, nikaziacha zitulie hadi jioni: ya kwanza ina mashapo ya milimita 3 chini, ya pili haina hata milimita moja. Nimeziandika tarehe na kuziweka kwenye dirisha la stoo. Mvua kubwa ijayo nitakinga nyingine mbili, dakika zilezile, na mashapo yakizidi milimita 3 tutafungua tena zile mita 3 za mashariki kabla ya kuweka udongo wa vitanda vya mboga.